Kanuni ya "kinachorudi ni cha kifizikia" inawaponza wanafunzi. Tuangalie chokaa

Ticha wa Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila muhula nakutana na sentensi ileile kwenye madaftari: "Badiliko la kifizikia linaweza kurudishwa, badiliko la kikemia haliwezi kurudishwa." Mtoto ameikariri, mzazi ameisikia ikighaniwa sebuleni, wote wameridhika. Kisha mtihani unaleta swali lililopinda kidogo tu, nusu ya darasa inaanguka.

Leo tuache barafu na mshumaa vipumzike. Nataka tuangalie kazi ambayo watu wa pwani wameifanya karne na karne bila kuingia maabara: kuchoma chokaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliojengwa kuanzia karne ya 11, na kasri la Husuni Kubwa la karne ya 14, vyote ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa.

Tuanze na jiwe lenyewe. Tumbawe, au jiwe la chokaa kama la mapango yetu ya Amboni, kwa sehemu kubwa ni kalisiamu kaboneti, CaCO3. Sifa zake za kifizikia unazipata bila kuligeuza kuwa kitu kingine: rangi yake, ugumu wake (kisu cha chuma kinalikwaruza), densiti yake (uzito kwa kila kipimo cha ujazo), kwamba halipitishi umeme, kwamba ukiliacha kwenye ndoo ya maji safi usiku kucha asubuhi unalikuta. Umeliangalia, umelipima, umelirudisha mezani, bado ni lilelile. Sasa chukua nyundo ulitwange mpaka liwe unga. Kila punje ya unga huo ni kalisiamu kaboneti vilevile, kwa hiyo hilo ni badiliko la kifizikia. Halafu niambieni nani kati yenu anaweza kuurudisha ule unga uwe jiwe. Kanuni ya kukariri imeshakufa hapo, na hata moto hatujawasha.

Tuwashe. Kwa njia ya zamani magogo hupangwa kwa duara, matumbawe yanarundikwa juu yake, moto unakokwa. Joto likifika nyuzi 900 hivi za Selsiasi jiwe linaachia gesi. Kinachobaki kwa macho ni kama jiwe lilelile lililopauka, na hapa ndipo macho yanapodanganya. Liweke kwenye mizani: kila kilo 100 za kalisiamu kaboneti safi zinabakisha kilo 56. Zile kilo 44 zimepaa, nazo ni kabonidayoksaidi. Joseph Black, mwanasayansi wa Scotland, aliifuatilia gesi hii katika miaka ya 1750 kwa kupima uzito wa vitu kabla na baada ya kuvichoma. Wakati ule wengi waliona hewa ni hewa tu. Yeye mizani ilimwonyesha kwamba ndani ya jiwe kuna hewa ya aina yake, iliyofungwa, na kwamba hewa hiyohiyo ikipita kwenye maji ya chokaa inayafanya yawe meupe kama yametiwa maziwa.

Kilichobaki tanuruni ni kalisiamu oksaidi, CaO. Kimwagie maji. Kitafoka, kitapasuka, kitatoa mvuke na joto la kuunguza mkono, kisha kitalala kama unga laini mweupe: kalisiamu haidroksaidi, Ca(OH)2. Kilo 56 zimeungana na kilo 18 za maji, unazo kilo 74. Hii ndiyo fundi anaichanganya na mchanga.

Ikishapakwa ukutani, chokaa inavuta kabonidayoksaidi hewani, inaachia maji, inageuka tena kuwa... kalisiamu kaboneti. Kilo 100 zile zile tulizoanza nazo. Jiwe limerudi kuwa jiwe!

Hesabuni wenyewe: hatua tatu, zote za kikemia, na mwisho wake tumerudi tulipoanzia. Kusaga jiwe, ambako hakurudi, ni kifizikia. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "je, kinarudi?" Swali ni "je, kimezaliwa kitu kingine, chenye sifa zake chenyewe?"

Jambo la mwisho kabla sijawaachia uwanja. Sifa na badiliko si kitu kimoja. Petroli iliyofungwa kwenye dumu ina sifa ya kikemia ya kuwaka, hata kama haijawahi kuona kiberiti. Kuwaka kwenyewe ndiko badiliko. Sifa ya kifizikia unaweza kuipima kitu kikabaki kitu kilekile. Sifa ya kikemia huwezi kuithibitisha mpaka ukubali kukipoteza kitu chenyewe.

Karibuni.

---

mchoma_mahindi

Uzi wa kwanza wiki hii usio na siasa. Nimeweka kambi hapa.

---

Kidato Pili B

Shikamoo ticha. Mimi ni mwanafunzi. Sasa kwenye mtihani nikiulizwa tofauti ya mabadiliko haya niandike nini? Notisi zetu zinasema "haliwezi kurudishwa kwa urahisi" na mwalimu wetu anataka hivyo hivyo.

---

Ticha wa Tanga

Marahaba mwanangu. Tofauti yako ya kwanza iwe hii: badiliko la kikemia hutengeneza kitu kipya, la kifizikia halitengenezi. Ya pili andika kwamba *mara nyingi* la kifizikia ni rahisi kurudishwa. Neno "mara nyingi" liweke, litakuokoa. Ya tatu, nishati: mabadiliko ya kikemia kwa kawaida hutoa au humeza nishati nyingi zaidi kuliko ya kifizikia. Mwalimu wako hutamkosea heshima na msahihishaji hatakuwa na pa kukukata.

---

Fundi Mkongwe

Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja, nimefanya kazi za kukarabati nyumba za Mji Mkongwe, nimefurahi kuona chokaa inatajwa skuli.

Naongeza la ufundi. Chokaa ikishachomwa kwa njia ya zamani haikuwa ikitumika siku ile ile. Lile rundo liliachwa miezi kadhaa, linapata mvua na unyevu mpaka jiwe lote linavunjika lenyewe. Ukiharakisha, vipande ambavyo havikupata maji vinakuja kuvimba ndani ya plasta, ukuta unatoka vipele na vishimo. Sasa nafahamu kwamba ile ni CaO iliyobaki, inakunywa maji ikiwa imeshafika ukutani.

Jengine: wengi wanarukia saruji kwa sababu inakaza haraka. Nyumba ya mawe ya matumbawe ukiipaka saruji unaiua. Kuta zile zinavuta maji na chumvi kutoka chini, chokaa ina vitundu vidogo, inaruhusu unyevu utoke. Saruji inaziba. Unyevu unakwama ndani, chumvi inakauka na kuganda nyuma ya plasta na kuisukuma, mwaka wa pili unaokota vipande barazani. Je maalim, huko kupitisha unyevu ni sifa ya kifizikia au ya kikemia?

---

Ticha wa Tanga

Wa alaykum salaam fundi, umenipa somo zima. Kupitisha unyevu ni sifa ya kifizikia: maji yanaingia maji, yanatoka mvuke, na chokaa inabaki chokaa. Hata ile chumvi inayoganda nyuma ya plasta ni badiliko la kifizikia, kwa sababu maji yamekauka na chumvi imejitenga ikawa fuwele. Fuwele zikikua mahali pembamba zina nguvu ya kupasua jiwe. Tazameni basi, ukuta umeharibika vibaya kabisa na kitu kipya hakijazaliwa. Wanafunzi hudhani "kuharibika" lazima iwe kemia.

Kuhusu kukaza: chokaa inakaza polepole kwa sababu hewa ina kabonidayoksaidi kidogo mno, karibu asilimia 0.04 tu, na inabidi iingie ndani ya ukuta. Ukuta mnene unaweza kuchukua miaka. Saruji haisubiri hewa, inakaza kwa kuungana na maji yaliyomo humo humo ndani yake.

---

Nyundo ya Hoja

Ticha, naheshimu uzi ila umejipa ushindi rahisi. Unasema kigezo ni "kitu kipya". Haya, chumvi kwenye maji. Ukikoroga, chumvi (NaCl) inaachana, unapata ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na za kloridi zinazoelea kila moja kivyake. Chumvi kavu haipitishi umeme, maji ya chumvi yanapitisha. Sifa zimebadilika! Mbona vitabu vyote vinasema kifizikia?

---

Ticha wa Tanga

Nilikuwa nakusubiri wewe.

Hoja yako ina uzito na kuna wakemia wanaoikubali. Mpaka kati ya makundi haya mawili tumeuchora sisi kwa ajili ya kufundishia, maada yenyewe haina habari nao. Kwa kiwango cha sekondari chumvi ndani ya maji inahesabiwa kifizikia kwa sababu ioni zile zile zilizokuwepo kwenye fuwele ndizo zilizopo majini. Zilikuwa zimepangwa, sasa zimetawanyika. Hakuna iliyogeuka. Nenda kwenye mashamba ya chumvi ya pwani uone: maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo moja, yanaingizwa kwenye majaruba, jua na upepo vinafanya kazi, chumvi inakusanywa kwa koleo. Hakuna aliyeitengeneza, ilikuwemo.

Linganisha na kuchukua metali ya sodiamu, inayolipuka ukiitia majini, na gesi ya klorini, iliyotumika kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vikiungana vinatoa kitu tunachonyunyizia kachumbari. Hapo ndipo neno "kipya" lina maana yake kamili.

---

Nyundo ya Hoja

Hapo sawa. Na yai la kuchemsha?

---

Ticha wa Tanga

Yai andika kikemia, mtihani unataka hivyo. Ukifika chuo utakuta watu wanabishana, kwa sababu protini zinaanza kwa kufunguka, kisha zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Tusimchanganye Kidato Pili B.

---

Mwanamke wa Jiko

Mimi mchango wangu ni wa jikoni. Mtoto alikuja na orodha ya "dalili za badiliko la kikemia": mapovu, kubadilika rangi, joto, harufu. Nikamwambia fungua soda. Mapovu hayo hapo, kuna kitu kipya? Akakwama. Nikamtia magadi kwenye bakuli, nikakamulia ndimu, mapovu tena. Nikamwambia haya, nieleze tofauti. Akaondoka kwenda kumuuliza baba yake, ambaye naye amekimbilia kutazama mpira.

---

Ticha wa Tanga

Mama, umefundisha vizuri kuliko wengi wetu. Kwenye soda, gesi ilisukumwa ndani ya kinywaji kiwandani kwa presha. Ukifungua kizibo presha inashuka, gesi inatoka. Ilikuwepo. Kwenye magadi na ndimu gesi haikuwepo kabla: kaboneti ya magadi imekutana na asidi ya ndimu, zikatengeneza kabonidayoksaidi palepale pamoja na maji na chumvi ya aina nyingine. Onja kidogo mchanganyiko ukishatulia, ukali wa ndimu umepungua. Mapovu yanafanana, asili yake ni mbili.

Rangi nayo hudanganya. Chuma kikipashwa kinawaka chekundu, kikipoa kinarudi, na kilikuwa chuma wakati wote (kikipashwa sana juu yake hujenga ganda jeusi, hilo ndilo la kikemia). Ukitia rangi ya chakula kwenye maji, rangi imebadilika na hakuna kilichotokea zaidi ya kuchanganyika. Dalili zinakupa sababu ya kushuku. Hukumu inatoka kwenye kukipima kile ulichopata: kiwango chake cha kuyeyuka, densiti yake, kinavyofanya mbele ya asidi.

---

Wa Nakuru

Hamjambo ndugu zangu. Swali kutoka milimani. Mwalimu wetu alisema maji huchemka kwa nyuzi 100, na kwamba kiwango cha mchemko ni sifa isiyobadilika inayotambulisha kitu. Sasa sisi huku Nakuru tulipima maabara, kipimajoto kikakaa 94 na maji yanatokota kabisa. Mwalimu akasema kipimajoto ni kibovu. Je, ni kibovu kweli?

---

Ticha wa Tanga

Kipimajoto chenu kizima kabisa! Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa inayoyakandamiza maji ni kidogo kuliko huku Tanga, hivyo yanachemka mapema, karibu nyuzi 94. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, yangechemka karibu nyuzi 80. Ndiyo maana kiwango cha mchemko kinapotajwa vitabuni huwa ni kwa presha ya usawa wa bahari, hata kama kitabu hakikusema.

Maharage yenu yanachelewa kuiva kwa sababu hiyo, maana kuongeza moto hakuyapandishi maji juu ya 94, kunayakausha tu. Sufuria ya presha inafanya kinyume: inafungia mvuke, presha inapanda, maji yanafika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka.

---

Wa Nakuru

Shukran sana. Kesho naenda na hii darasani, kwa adabu.

---

Karasha la Geita

Wakuu salama. Nimesoma kimya kimya ila hapa kwenye "kukipima ulichopata" lazima niseme, sisi huku ndiyo maisha yetu.

Mtu anakuletea mkufu anasema dhahabu. Kuna hatua ya kwanza ya kifizikia: upime uzito, kisha uuzamishe kwenye chombo chenye alama za mililita uone maji yamepanda kiasi gani. Dhahabu safi ni gramu 19.3 kwa kila mililita. Mkufu wa gramu 38.6 ukiwa dhahabu safi unapandisha maji mililita 2 tu. Ukiwa shaba iliyopakwa dhahabu, unapandisha zaidi ya 4. Hapo mtu anaanza kutafuta mlango. Ila kuna wajanja wanatumia tangsteni, ambayo densiti yake ni 19.25. Kwa kipimo hicho mnyonge wewe.

Hatua ya pili ni asidi ya naitriki. Kipande kinakwaruzwa juu ya jiwe jeusi, tone la asidi linawekwa kwenye mchirizi. Shaba inaliwa, mchirizi unayeyuka. Dhahabu inabaki inakuchekea. Hiyo sasa ni kemia, au siyo ticha?

---

Ticha wa Tanga

Ndiyo yenyewe, na umeonyesha kwa nini tunahitaji zote mbili. Densiti ni sifa ya kifizikia, mkufu unaupata mzima. Kutoliwa na asidi ni sifa ya kikemia, na ili kuiona umekubali kupoteza ule mchirizi. Tangsteni inaigiza densiti ya dhahabu, lakini si rangi yake, wala kiwango chake cha kuyeyuka: dhahabu nyuzi 1,064, tangsteni zaidi ya 3,400. Kitu kimoja kinaweza kuiga sifa moja ya kingine. Kuiga zote hakiwezi, labda kiwe ndicho.

Wanafunzi, ile asidi si ya kuchezea. Inachoma ngozi, na moshi wa kahawia unaotoka ikikutana na shaba ni sumu.

---

Nyundo ya Hoja

Na zebaki je? Mnaichoma kwenye koleo kienyeji, ile mvuke inaenda wapi?

---

Karasha la Geita

Inaenda mapafuni, nisikudanganye. Wengi wetu tunajua na bado tunafanya.

---

Ticha wa Tanga

Nieleze kwa ajili ya wanafunzi. Zebaki ni metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida. Inashika chembe za dhahabu kutoka kwenye mchanga na kufanya donge. Donge likipashwa, zebaki inachemka kwa nyuzi 357 na kupaa, dhahabu inabaki kwa sababu kiwango chake ni cha juu mno. Kutenganisha huku kunategemea sifa ya kifizikia, tofauti ya viwango vya mchemko. Ubaya ni kwamba iliyopaa haijaisha. Ni zebaki ileile, haionekani, haina harufu, inatua juu ya mabati, kwenye maji, kwa majirani, na inaharibu ubongo na figo, hasa za watoto. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 ulitungwa kwa ajili ya zebaki hii. Kuna vifaa vinavyofunika donge na kuurudisha mvuke uwe kimiminika. Karasha, ndugu yangu, kitafute.

---

mchoma_mahindi

Nimekuja kutania nimeishia kuchukua notisi.

---

Kidato Pili B

Ticha swali la mwisho samahani. Tuliambiwa kutu "inakula" msumari. Kaka yangu anasema msumari wenye kutu una uzito zaidi kuliko mpya. Kitu kikiliwa si kinapungua?

---

Ticha wa Tanga

Kaka yako yuko sahihi, mradi kutu yote ibaki juu ya msumari. Chuma kinachukua oksijeni ya hewani pamoja na maji, vinaungana kuwa kutu, na uzito wa hivyo vilivyoongezeka unahesabika. Unaona unapungua kwa sababu kutu haishiki vizuri kama chuma, inapukutika, na inayopukutika inaondoka na chuma chake.

Jaribuni nyumbani. Chukua sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, isiwe yenye sabuni. Ioshe kwa siki kuondoa mafuta, kausha, pima kwenye mizani ndogo. Iloweshe kwa maji ya chumvi kidogo, iweke ndani ya kisahani siku kadhaa. Ikishakauka *kabisa* pima pamoja na unga wote uliodondoka, na usipoteze hata punje. Msisitizo uko kwenye kukauka, maana maji yakibaki utakuwa umepima maji. Mkiweza, ya pili iwekeni kwenye chupa iliyofungwa vizuri sana, mpime chupa nzima kabla na baada. Leteni namba hapa, za sahani na za chupa, tuone kwa nini hazitafanana.